Nimekuta tangazo la uchumba wa bibi, lakini mchumba si babu. Nianzie wapi?

Mjukuu_Mdadisi

Habari zenu wadau wa nasaba. Bibi mzaa mama alishafariki zamani, na kitabu chake cha sala kilikuwa kwa mama mdogo hadi juzi aliponikabidhi. Katikati ya kurasa nimekuta kipande cha gazeti. Kimekatwa kwa mkasi vizuri, hakikuchanwa. Nakinakili kama kilivyo, ila majina nimeyafupisha:

"Unatangazwa uchumba kati ya S., mwana pekee wa marehemu Bw. P. K. na wa Bi. K., na E., binti wa pili wa Bw. na Bi. J. M."

E. ni bibi. Jina lake, ubini wake na majina ya baba yake vyote vinalingana. Tatizo ni huyo S. Babu yangu haitwi S., wala ubini wake hauanzi na K. Babu ni T., walioana 1953, na sijawahi kumsikia mtu yeyote nyumbani akimtaja S. Mama mdogo alikisoma kile kipande, akakikunja, akaniambia, "Mwanangu, mengine yaache yalale." Mama yeye anasema pengine ni E. mwingine kabisa.

Hakina tarehe, hakina jina la gazeti. Je, bibi aliwahi kuolewa kabla ya babu? Tangazo kama hili lina uzito gani mtu akiandika historia ya ukoo? Na kuna la tatu linalonikosesha usingizi: wote tumekua tukijua bibi ni kifungua mimba wa kwao. Hapa ameitwa binti wa pili.

Kijana_wa_Nasaba

Uchumba si ndoa. Tafuta rekodi ya ndoa ya S. na E. Ukiikosa, ujue hawakuoana. Imeisha hiyo.

Karani_Mstaafu

Haijaisha, kijana, ndiyo kwanza inaanza. Kukosa rekodi kuna maana moja tu: umeikosa pale ulipotafuta.

Mimi nimekula mshahara wa kutengeneza faharasa za magazeti ya zamani karibu maisha yangu yote ya kazi, na safu niliyoipenda kuliko zote ni ya uchumba na ndoa. Rejista ya ndoa huandikwa na karani, na karani anauliza maswali yaleyale kwa kila anayesimama mbele yake. Tangazo la gazetini huandikwa sebuleni. Kuna mtu amekaa, ameamua nani atajwe na nani aachwe, marehemu yupi akumbukwe, kisha amelipia. Ndiyo maana mimi huwa sianzi na swali la kama ni kweli. Naanza na nani ameliandika, na siku anaandika alijua nini.

Mjukuu, rudi kwenye mistari yako. Umeisoma kwa jicho la S. peke yake, na humo ndani kuna mengi zaidi.

P. K. ni marehemu. Mkewe hakuitwa hivyo, na neno "wa" limerudiwa ili kumtenga na mumewe aliyefariki. Kwa hiyo P. K. alikufa kabla ya tangazo na Bi. K. alikuwa hai siku linaandikwa. Tayari una mipaka ya vifo viwili. J. M. na mkewe, yaani wazazi wa bibi yako, walikuwa hai wote. Ukijua mmoja wao alifariki lini, tangazo haliwezi kuwa la baada ya hapo. Halafu "mwana pekee" usiisome kama "mtoto pekee": S. angeweza kuwa na dada wanne.

Kuhusu "binti wa pili". Hapo ndipo ningetia nguvu zangu zote, maana familia haikosei kuhesabu mabinti zake katika tangazo inalolilipia. Mabinti huhesabiwa kwa kuzaliwa. Familia nyingine humhesabu na aliyekufa, nyingine humruka na kuandika "binti mkubwa aliye hai" ili jirani asishangae. Kama bibi yako alikuwa wa pili, basi aliwahi kuwapo wa kwanza. Huenda alikufa mchanga. Huenda alizaliwa nje, au katika ndoa ya awali ya mzazi mmoja. Aliyekuambia bibi ni kifungua mimba ni nani? Bila shaka ni mtu aliyezaliwa baada ya bibi, na huyo hawezi kuwa shahidi wa kilichotokea kabla yake. Tafuta daftari za ubatizo na za maziko kuanzia ndoa ya J. M. hadi kuzaliwa kwa bibi. Usikubali kuanzia kwa bibi mwenyewe.

Sasa swali lako la kwanza. Jibu la haraka halipo kwa S., lipo kwa babu. Chukua rekodi ya ndoa ya 1953 uangalie safu ya hali ya ndoa: bibi ameandikwa hajaolewa, mjane, au mtalaka? Kisha angalia alitumia ubini gani. Watu wanaikimbilia tarehe ya ndoa na kuiacha safu hii, wakati ndiyo inayobeba maisha yote ya kabla ya hapo. Nikupe na mfano wa safu isiyokuwapo: vyeti vya ndoa vya Uingereza na Wales, tangu usajili wa kiraia ulipoanza 1837, vilikuwa na nafasi ya jina na kazi ya baba wa kila upande. Mama hakuwa na nafasi. Majina ya akina mama yameanza kuingia tarehe 4 Mei 2021. Fikiria ni vizazi vingapi vya akina mama ambao, kwenye karatasi za harusi za watoto wao, wanaonekana gazetini tu.

Na kama bibi alibatizwa Mkatoliki, kuna daftari jingine linaloweza kumaliza ubishi wenu. Nasubiri jibu lako hapo.

Mwisho kwa leo: geuza kipande. Upande wa nyuma kuna nini?

Mjukuu_Mdadisi

Shikamoo mzee. Sikuwa hata nimefikiria kukigeuza! Nyuma kuna nusu ya orodha ya matokeo ya mpira, timu za kulia zimekatwa lakini mabao yapo. Chini yake kuna tangazo la sinema, herufi chache za jina la filamu, na maneno "kuanzia Ijumaa tarehe 9 Machi".

Ndiyo, alibatizwa Mkatoliki. Alizaliwa 1926.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Wewe umeshika tarehe mkononi ukawa unauliza tarehe iko wapi.

Tarehe 9 Machi haiangukii Ijumaa kila mwaka. Siku na tarehe hukutana tena baada ya miaka 5, 6 au 11, kutegemea mwaka mrefu umeingia wapi. Kwa maisha ya bibi yako, Ijumaa ya tarehe 9 Machi ni 1928, 1934, 1945, 1951, 1956 na 1962. Mwaka 1928 alikuwa na miaka miwili. Mwaka 1934 alikuwa mtoto wa shule. Mwaka 1956 na 1962 alikuwa mke wa babu. Umebaki na miwili: 1945, akiwa na miaka kumi na tisa au anakaribia, na 1951.

Filamu itakuchagulia. Tafuta ilitoka mwaka gani. Tarehe ya filamu hukupa "si kabla ya" peke yake, kwa sababu filamu ilizunguka majumba ya sinema miaka na miaka, ila hapa hicho ndicho unachohitaji. Matokeo ya mpira ndiyo msumari: mabao ya mechi tatu nne yaliyoandikwa kwa mpangilio mmoja hayajirudii wikiendi nyingine, na kumbukumbu za ligi zimehifadhiwa kuliko kumbukumbu za binadamu wengi.

Ikitokea ni 1945, fanya na hili: mtafute S. kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Imewaandika wanajeshi wapatao milioni 1.7 wa vita vikuu vyote viwili, na mara nyingi imetaja wazazi wao. "Mwana wa P. na Bi. K." ungemtambua palepale. Uchumba mwingi wa miaka ile haukuvunjwa na mtu.

Kuhusu daftari la Kikatoliki. Amri ya Papa Pius X iitwayo Ne Temere ilitolewa 1907 na kuanza kazi Pasaka ya 1908. Pamoja na mambo mengine, iliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, parokia aliyobatizwa ijulishwe na iandike pembeni ya ubatizo wake: kaoa au kaolewa na nani, wapi, lini. Kwa mtu aliyezaliwa 1926, ukingo wa ukurasa wa ubatizo wake unaweza kuwa na maisha yake yote ya ndoa. Andika kwa parokia. Usiombe cheti cha ubatizo kilichochapwa upya. Omba nakala ya ingizo lenyewe pamoja na maandishi ya pembeni, maana anayekuandikia cheti kipya anaweza kuyaruka.

Msomaji_wa_Safu

Mzee Karani amenimalizia maneno, ila niongeze upande wa kutafuta, maana siku hizi wengi wanaandika jina kwenye kisanduku, wanaona "hakuna matokeo", wanafunga kompyuta.

Magazeti ya kidijitali husomwa na programu, na programu inasoma vibaya herufi ndogo zilizobanana, ambazo ndizo za safu hii hasa. Magazeti ya Kiingereza ya kabla ya 1800 yana ile "s" ndefu inayofanana na "f", kwa hiyo mtu wa ukoo wa Wilson atakuja kama Wilfon. Ukikosa jina, tafuta vitu vinavyolizunguka: mtaa, jina la nyumba, cheo cha baba, kanisa. Mimi nilimpata bibi harusi mmoja kupitia jina la shamba la baba wa bwana harusi, kwa sababu yeye mwenyewe aliandikwa kwa jina la mume wake wa kwanza. Mwanamke akiwa mjane, mara nyingi jina lake mwenyewe halionekani kabisa, ni "Bi." na jina la marehemu mumewe, mpaka la kwanza.

Chagua aina ya habari pia. Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia ina kundi la peke yake la matangazo ya kifamilia, na Delpher ya Uholanzi nayo hivyohivyo. Ukichuja hapo kwanza, unatoka kwenye maelfu na kubaki na kitu unachoweza kukisoma kwa macho. Zote mbili ni bure, pamoja na Papers Past ya New Zealand, Gallica ya Ufaransa na Chronicling America. Trove inakuruhusu hata kusahihisha maandishi yaliyosomwa vibaya, tafadhali fanyeni hivyo, atakayefuata atawaombea.

Na usikwame kwenye gazeti moja. Familia zilizotawanyika ziliweka tangazo kotekote, au mwishoni waliomba magazeti ya nchi fulani yanakili. Kistari hicho cha mwisho kina thamani kubwa: kinakuambia walikuwa na ndugu huko. Mtu haombi magazeti ya Marekani yanakili harusi yake kama Marekani hakuna wa kuisoma.

Mtego mmoja kabla sijaondoka. Matangazo ya zamani yalipenda kuandika "tarehe 28 ya mwezi uliopita". Gazeti la pili likinakili wiki mbili baadaye bila kubadili neno, mwezi umeshasogea na tarehe yako imeharibika. Tafuta lile lililotangulia kuchapwa. Na kama harusi ilifungwa ng'ambo wakati wa meli, tangazo la nyumbani linaweza kuchapwa miezi mingi baada ya sherehe, wakati mwingine mtoto keshatungwa.

Kijana_wa_Nasaba

Sawa, nimeelewa kwa gazeti. Lakini zile tangazo za kanisani za Jumapili tatu si zina uhakika zaidi? Hizo si ni rekodi rasmi?

Karani_Mstaafu

Ni rasmi, na bado si ndoa. Swali zuri lakini, na hapa mniwie radhi, nitarefusha.

Mtaguso wa Nne wa Laterani, 1215, ndio ulioagiza kanisa zima kutangaza ndoa kabla haijafungwa, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Uingereza sheria ya ndoa ya 1753, iliyoanza Machi 1754, iliweka masharti kwamba ndoa itanguliwe na matangazo au leseni, na matangazo yaandikwe daftarini. Kama wachumba wanatoka parokia mbili, yalisomwa kote kuwili. Hapo ndipo faida yako ilipo: rejista ya ndoa iko kanisa moja, kwa kawaida la bibi harusi, lakini daftari la matangazo linakuonyesha bwana harusi alitoka wapi. Nimeona watu wamesimama miaka kwenye tawi moja la ukoo, na jibu liko daftari la pili kijiji cha jirani. Matangazo hayo hufa baada ya miezi mitatu. Ukiona yamesomwa mara mbili kwa mwaka mmoja, harusi iliahirishwa. Ukiona Jumapili ya kwanza na ya pili zina tarehe na ya tatu iko wazi, soma pembeni, kuna wakati kasisi ameandika kwamba yamezuiwa na nani kazuia. Mara nyingi ni mzazi.

Massachusetts makarani wa miji waliandika nia za kuoana katika daftari za mji. Vitabu vya rekodi za miji hiyo hadi 1850 vilivyochapishwa huweka alama "int." mbele ya tarehe ambayo ni ya nia tu, na kila siku naona miti ya ukoo mtandaoni iliyoichukua tarehe hiyo kuwa ya harusi. Ufaransa tangazo hubandikwa kwenye ofisi ya meya siku kumi. Amsterdam ndiyo inayonifurahisha zaidi: wana daftari za uchumba kuanzia 1565 hadi 1811, wachumba wanafika, wanasema umri, wanakotoka, mtaa wanaoishi, nani amewasindikiza, wanatia sahihi. Rembrandt yule mchoraji yumo, tarehe 10 Juni 1634. Alifika yeye, na mchumba wake Saskia aliwakilishwa na ndugu yake mchungaji, Sylvius. Rembrandt akaahidi kuleta ridhaa ya mama yake. Harusi yenyewe haikufungwa Amsterdam, ilifungwa Sint Annaparochie, Friesland. Mtu anayetafuta ndoa tu katika Amsterdam angekosa vyote hivyo: ridhaa ya mama, ndugu mchungaji, sahihi.

Na Shakespeare. Kila mtu amemchimba huyu, na hadi leo hakuna ingizo la harusi yake lililopatikana. Kilichopo ni karatasi za kabla. Tarehe 27 Novemba 1582, rejista ya askofu wa Worcester inataja leseni ya ndoa yake na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake, tarehe 28, wanaume wawili wa Stratford wanaweka dhamana ya pauni 40 ili aoane na Anne Hathwey wa Stratford. Siku mbili, wanawake wawili? Watu wametunga mapenzi mazima juu ya huyo Whateley aliyeachwa. Wataalamu wengi wanaona karani alichanganya, maana siku hiyohiyo kulikuwa na shauri mezani kwake la mtu mwingine kabisa aitwaye Whateley. Mimi naamini hivyo, ninawajua makarani. Lakini angalia kitu kingine ambacho msisimko wa Whateley unakificha: mtoto wao Susanna alibatizwa tarehe 26 Mei 1583. Dhamana iliwekwa ili matangazo yasomwe mara moja badala ya tatu. Hesabuni miezi na mtajua haraka ilitoka wapi. Hicho ndicho karatasi za kabla ya ndoa hukupa na rejista haikupi: haraka, ahadi, nani alisimama dhamana.

Basi kijana, rasmi au sebuleni, kanuni ni hiyohiyo. Kila karatasi inashuhudia siku yake.

Shangazi_wa_Ukoo

Samahani nitaongea tofauti. Mnamfundisha mtoto wa watu namna ya kufukua, hakuna aliyemuuliza kama afukue. Mama yake mdogo ni mtoto wa marehemu, na amesema yaache. S. naye huenda ana watoto na wajukuu ambao hawajui lolote. Kilichochapwa gazetini miaka sabini iliyopita kilikuwa cha watu wa wakati ule.

Karani_Mstaafu

Shangazi, nakuheshimu na nusu ya hoja yako naichukua. S. asiwekwe hadharani kwa jina kamili kwenye mti wa mtandaoni; herufi zinatosha. Nusu nyingine siichukui. Bibi ndiye aliyekata kile kipande kwa mkasi, au kama si yeye, ndiye aliyekiweka ndani ya kitabu alichokishika kila siku. Aliyetaka kisionekane angekichoma.

Mjukuu, mama mdogo usimbishie. Mwulize habari za J. M. na mkewe, walizaa wangapi, wangapi walizikwa. Kwa S. utafika bila yeye.

Mjukuu_Mdadisi

Nimerudi, samahani kwa kimya kirefu.

Filamu ilitoka 1950, kwa hiyo 1945 imekufa. Mabao yamelingana na wikiendi ya kwanza ya Machi 1951, na kutokana na herufi za kichwa cha safu mkutubi alikisia gazeti mara moja. Tangazo lipo, neno kwa neno. Nikaendelea kugeuza kurasa kama mlivyosema. Mwezi wa Agosti, safu ileile: "Ndoa iliyokuwa imepangwa kati ya S. K. na E. M. haitafanyika." Mstari mmoja. Nilibaki nimeutazama.

Rekodi ya 1953 inasema hajaolewa, ubini wa baba yake. Parokia walinitumia picha ya ukurasa, pembeni kuna babu peke yake. Ukurasa wa mwaka 1924, wazazi walewale, kuna mtoto wa kike aliyebatizwa siku aliyozaliwa. Nikamwuliza mama mdogo kuhusu mtoto huyo tu, S. sikumtaja. Akasema alimsikia nyanya yake akilitaja jina hilo siku moja ya maombi, akadhani ni la mtakatifu.

Sasa nimekwama kwenye jambo dogo la kitaalamu. Nikiuingiza uchumba kwenye programu ya mti wa ukoo, mchoro unamwonyesha S. kama mume wa kwanza wa bibi. Mama akiona hivyo kutakuwa na vita.

Msomaji_wa_Safu

Hiyo si kosa lako, ni muundo wa GEDCOM, yaani mpangilio wa faili za mti wa ukoo ambao programu nyingi zinautumia. Humo uchumba una alama yake, ENGA, matangazo ya ndoa ni MARB, leseni ni MARL, ila zote zimewekwa chini ya rekodi ya familia, yaani lazima kwanza uwaunganishe wawili kama jozi. Programu ikiona jozi inachora mume na mke. Kwenye baadhi ya programu unaweza kubadili aina ya uhusiano iwe "hawakuoana", jaribu hapo kwanza.

Karani_Mstaafu

Ikikataa, usiwaunganishe. Mpe bibi tukio lake binafsi, liite uchumba, weka tarehe ya gazeti, maneno yote ya tangazo kama yalivyo, na chini yake lile la Agosti. Tarehe hizo andika kuwa ni za kuchapwa, usiziite za uchumba wala za kuvunjika, kwa sababu hujui S. alitoka mlangoni siku gani. S. mwanzishie ukurasa wake, asiungwe na mtu, pamoja na wazazi wake na ile mipaka ya vifo vyao, kisha ufunge usionekane hadharani.

Yule mtoto wa 1924 muunganishe leo, kabla ya yote. Na angalia daftari la maziko la wiki hiyohiyo, aliyebatizwa siku ya kuzaliwa kwa kawaida walimwona anaondoka.

Mjukuu_Mdadisi

Nimeliona. Siku ya tatu. Namuunganisha sasa hivi.